Fidla Mbele ya Watu Waliokaa

Mdogo wangu alipata fidla kwa sababu ya mashuka. Nilikuwa nafua nguo za misheni, na yeye alikuwa akija baada ya shule kunisaidia kuteka maji na kukamua zile nzito. Jioni moja padri alitoka barazani na fidla yake akaanza kupiga. Mdogo wangu akasimama na shuka mkononi, maji yakimchuruzika miguuni, hakamui, hatupi, hasogei. Nilimwita mara kadhaa. Padri alipomaliza akamwona, akamwita kwa kidole. Nilidhani anakwenda kugombezwa.

Baada ya hapo alikuwa akienda kila siku. Kwanza alishika tu uta, ule ujiti wa kupigia, kisha akapewa fidla ya zamani yenye ufa ubavuni, kisha akafundishwa kusoma zile alama zinazofanana na siafu waliopanga foleni kwenye waya. Nyumbani alipiga mstari mmoja huo huo mpaka mbuzi wakazoea. Mimi sikuzoea. Nilikuwa nikisikia anakosea mahali pale pale, na mkono wangu unasimama kwenye jiwe la kusagia mpaka apite.

Tulikuwa watoto watatu. Baba alikuwa amekwenda Geita kuchimba dhahabu, akarudi na kifua kibovu, akafa kabla mvua hazijaanza. Mama hakukaa sana, akamfuata. Mimi nilikuwa darasa la tatu, nikaacha shule wiki ile ile. Ndugu walikuja kutugawana: mdogo wangu wa kiume aende kwa mjomba Nyahanga, mdogo wetu wa kike, ambaye alikuwa bado mgongoni, achukuliwe na shangazi, na mimi niolewe nikikua kidogo. Nikasema tutalala humu humu. Sikuwa na maneno mengine, kwa hiyo nilirudia hayo hayo mpaka wakachoka. Waliokuja kuniposa baadaye niliwaambia kwamba anayenichukua anachukua watu watatu. Wengi walikumbuka ghafla kwamba wana safari.

Miaka ya hamsini ilikuwa imeanza. Mdogo wangu alikuwa amemaliza shule ya misheni, sauti imekuwa nzito, na kwa umri wake nafasi ya kuendelea na masomo haikuwapo. Vijana wenzake walikuwa wanakwenda Geita. Kila baada ya muda lori lilipita kuwachukua, nao walipanda wakiimba, na vifurushi vyao mapajani. Ndipo padri akatangaza kwamba misheni itafanya siku nzima ya muziki wa vijana, ule muziki wa kuandikwa. Watakuja wapiga kinanda, filimbi na fidla kutoka misheni nyingine, mpaka Ushirombo. Na kijana mmoja wa kiume atakayewapendeza waamuzi atapelekwa chuo cha ualimu, asome na afundishwe muziki huko huko.

Mdogo wangu aliniambia habari hiyo tukiwa shambani tunachuma pamba.

"Wakinichukua, nakwenda," alisema. "Wasiponichukua, Jumatatu inayofuata napanda lori la Geita."

"Geita huendi."

"Dada, mimi si mtoto tena."

"Sikusema wewe ni mtoto. Nimesema huendi."

Alicheka, akamimina pamba yake kwenye gunia. Lakini usiku ule niliona ameshafunga shuka lake na sufuria ndogo pamoja, amevisukuma chini ya kitanda. Tangu hapo sikulala sawasawa. Nilikuwa nikiamka kuhakikisha kwamba bado yupo.

Kwa wasiotoka kwetu, lazima nieleze jinsi tulivyozoea kushindana. Baada ya mavuno, ngoma mbili hukutana uwanja mmoja, kila moja upande wake, na zote huanza kwa pamoja. Hakuna anayesubiri mwenzake amalize. Watu husimama katikati, na yule anayewapendeza humwendea. Ukiona watu wanakuhama, umeshindwa, hata kama umecheza mpaka ukatoka damu. Ukiona wanakuja, wanakusonga mpaka vumbi linakuziba pumzi, umeshinda. Mwamuzi ni miguu ya watu. Mdogo wangu alikuwa amepiga ngoma kwenye viwanja hivyo tangu akiwa mdogo, kabla ya kujua fidla ni nini. Alijua kuisoma miguu ile kuliko alivyojua wale siafu wa kwenye karatasi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Tulifika asubuhi, mimi, yeye, mdogo wetu wa kike, na shangazi aliyetukuta njiani akitokea upande wa Songwa. Shangazi alikuwa dada yake baba, mnene, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Hakuwa amebatizwa wala hakuwa na haraka ya kubatizwa.

"Mwangaluka, wanangu!"

"Mwangaluka, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Hebu nipe hicho kizeze nikione." Akanyoosha mkono kwa mdogo wangu. "Nimekuja na dawa ya kuvuta watu. Nimeitoa kwa mzee wa ngoma mwenyewe. Napaka kidogo tu hapa shingoni."

"Shangazi, hii ni fidla ya padri!"

"Kwani padri hapendi watu waje? Kila Jumapili analia kwamba kanisa ni tupu."

Mdogo wangu aliikumbatia fidla kama mtoto anavyomng'ang'ania mama akiona sindano. Shangazi akamwacha, lakini nilimwona akijifuta vidole kwenye kilemba chake, na sikujua kama alikuwa amewahi kupaka au hakuwahi.

Uwanja wa shule ulikuwa umefagiliwa. Kinanda cha kanisani kilikuwa kimebebwa nje na kuwekwa chini ya turubai, na mbele yake meza ya waamuzi: padri wetu, sista mmoja mzee kutoka Ushirombo, na mwalimu wa muziki kutoka upande wa ziwa, Msukuma kama sisi, mwenye suruali nyeupe. Sisi tulitandikiwa mikeka. Watu walikuwa wengi, wengine wametoka Kishapu usiku kwa miguu, kwa sababu walikuwa wamesikia neno mashindano.

Padri akasimama akatueleza utaratibu. Kijana mmoja atapiga, wengine watasubiri. Watu wote watakaa. Hakuna kutembea, hakuna vigelegele, hakuna kuzungumza. Yeye akipiga makofi, ndipo na sisi tupige.

"Mmoja mmoja?" shangazi akaninong'oneza. Kunong'ona kwake kulifika mpaka mkeka wa tatu. "Sasa anashindana na nani?"

Wa kwanza alikuwa kijana wa kinanda. Alipiga vizuri, na mwanamke mmoja nyuma yetu akainuka aende karibu, kama tunavyofanya. Katekista akamjia na fimbo yake, akamrudisha mkekani. Wa pili akapiga filimbi. Mzee mmoja akainuka, akarudishwa. Baada ya hapo watu walielewa, wakakaa. Walikaa kama wamefungwa. Kijana anapiga, anatokwa na jasho, watu wanamtazama tu, midomo imefungwa. Akimaliza, padri anapiga makofi, nasi tunapiga, na wote tunaacha padri anapoacha.

Jina la mdogo wangu lilikuwa liitwe asubuhi. Halikuitwa. Waliotoka mbali walitangulizwa kwa sababu walikuwa wageni. Niliinuka, nikaenda nyuma ya darasa, nikamkuta anatembea huku na huku kando ya ukuta. Nikarudi, nikakaa. Mdogo wetu akataka maji, nikafurahi kupata sababu ya kuinuka tena. Nilimpelekea mdogo wangu kiazi, hakukitazama. Nikarudi. Shangazi akasema nikikanyaga mguu wake mara nyingine atanipeleka mimi Geita.

Niliporudi kule nyuma mchana alikuwa amesimama kwenye kona, anachungulia. Msichana wa Ushirombo alikuwa kwenye kinanda, na nakiri sijasikia tena mikono kama ile. Sauti zilikuwa zinafukuzana kama watoto wanaocheza mtoni.

"Umeona?" mdogo wangu alisema. "Anapiga kuliko wote. Na hakuna hata mmoja aliyeinuka."

"Wamekatazwa kuinuka."

"Najua wamekatazwa. Lakini tazama nyuso zao, Dada. Wamenuna. Kama huyu wamemnunia, mimi watanifanyaje?"

"Hawajanuna. Wanasikiliza."

"Nani anasikiliza hivyo?"

Na mimi nilikuwa sijawahi kumwona anayesikiliza hivyo.

Jua lilikuwa limeshapinda alipoitwa. Alitoka na fidla, akasimama mbele ya turubai, akatazama mikeka. Alikuwa amevaa shati la baba, ambalo nilikuwa nimelipunguza mikono. Akaanza.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Nilijua kila mahali alipokuwa akikosea nyumbani, na alipapita pote. Lakini kadiri alivyoendelea, macho yake yalikuwa yanazunguka juu ya watu, mkeka kwa mkeka, yakitafuta mtu mmoja anayesogea. Hakumpata. Nikaona bega lake linashuka. Uta ukaanza kutetemeka, na ile sauti iliyokuwa nene ikawa nyembamba kama ya mbu. Alikuwa anashindwa mbele ya macho yangu, na aliyekuwa anamshinda hakuwepo.

"Hapana," shangazi akasema kwa sauti. "Siwezi kumwacha mtoto wa kaka yangu apige kama yuko makaburini."

Akainuka. Katekista akamjia na fimbo, naye akampita kama anayepita mlango. Akaenda moja kwa moja mpaka alipo mdogo wangu, akasimama mbele yake, mikono kiunoni. Mwanamke wa nyuma yetu, yule wa asubuhi, akamfuata. Kisha mzee. Kisha mkeka wote wa watu wa Kishapu. Nikajikuta na mimi nimesimama, nimemshika mdogo wetu mkono, ninasukumana na watu niwe karibu. Vumbi likainuka.

Na mdogo wangu akafufuka. Sauti ikarudi, ikawa kubwa kuliko nilivyowahi kuisikia. Alipiga vyote vilivyoandikwa, akaanza kurudia pale palipowapendeza watu, akakanyaga ardhi kwa mguu, na watu wakaitikia kwa miguu yao. Mtu akapiga kigelegele. Shangazi alikuwa anapiga kelele, "Dawa hiyo! Dawa hiyo!" Mikeka ilibaki mitupu, isipokuwa ya watu wa Ushirombo waliokaa wakitushangaa.

Kengele ya shule ikagongwa. Ikagongwa tena, kwa nguvu. Padri alikuwa anapenya katikati ya watu, uso mwekundu.

"Kaeni! Kaeni chini! Mmemharibia! Kijana wa watu amejifunza miaka yote hii, na nyinyi mmemvamia! Waamuzi hawakuona kitu, hawakusikia kitu!"

Watu wakatazamana. Hakuna aliyeelewa kosa. Mdogo wangu alikuwa anahema, anatabasamu, meno yote nje. Kwake yeye siku ilikuwa imekwisha.

Mwalimu wa suruali nyeupe hakuwa amesogea mezani. Alingoja padri arudi, akamwambia jambo polepole, na padri akasikiliza, akaitazama mikeka mitupu, akaketi. Kisha mwalimu akamwita mdogo wangu, na mimi nikaenda naye bila kuitwa. Alituzungumzia Kisukuma.

"Nimeona," alisema. "Na mimi nimecheza viwanja hivyo, usidhani suruali hii nilizaliwa nayo. Wamekuchagua. Lakini sisi hatukuweza kuhesabu hilo. Utapiga tena, watu wakiwa wamekaa."

"Kwa nini nirudie? Nimeshinda."

"Umeshinda kwao. Huko chuoni utapiga kanisani na madarasani, na watu watakaa. Kila siku watakaa. Kama huwezi kupiga hivyo, bora nijue leo, nimpe nafasi anayeweza."

Hakusema kwa ukali. Akatupa muda wa kupumzika, nasi tukaenda nyuma ya darasa. Mdogo wangu aliweka fidla juu ya dirisha, akaketi chini, mgongo ukutani.

"Sirudii," alisema. "Mtu akishashinda uwanjani, nani anamwambia rudia? Ni dharau. Jumatatu nakwenda zangu Geita, huko hakuna wa kukaa kunitazama."

Nilisimama mbele yake. Miguu yangu ilikuwa inataka kutembea, nikaizuia.

"Baba alikwenda kule kwa miguu yake," nilisema. "Aliporudi nilikuwa nampakata mimi, kama mtoto. Wewe hukumbuki, ulikuwa unachunga. Mimi nakumbuka uzito wake. Kuna vitu vingi siwezi kukukataza, lakini kupiga wimbo mmoja mara ya pili si kitu cha kumpeleka mtu chini ya ardhi."

Alinyoosha mkono. Akaokota jiwe, akalitupa.

"Nanyi mtakaa?"

"Tutakaa."

"Hata shangazi?"

"Nitamkalia."

Alicheka kidogo, kisha uso ukarudi ulivyokuwa. "Sasa nitajuaje, Dada? Nikiwa napiga, nitajuaje kama wananipenda?"

"Hutajua."

"Hilo ndilo jibu?"

"Piga hivyo hivyo, bila kujua. Mimi miaka yote hii nimewapikia hivyo hivyo."

Sikuwa nimepanga kusema hilo. Akainuka, akachukua fidla yake.

Nilirudi mkekani, nikamwambia shangazi kwamba akiinuka, mtoto wa kaka yake anakwenda migodini. Nilimwambia hivyo hivyo, mbele ya watu. Akafungua mdomo, akaufunga. Neno likapita mkeka kwa mkeka kwa Kisukuma, na watu wakajipanga, wakakunja miguu. Nilikaa juu ya pindo la kitenge cha shangazi. Mikono yangu niliiweka chini ya mapaja.

Alianza tena. Safari hii hakututazama. Aligeuka ubavu, akaelekeza macho kwenye ukuta wa darasa, mahali palipobanduka chokaa. Sauti haikuwa ile ya kwanza. Ile ilikuwa na joto, hii ilikuwa ya mtu anayevuka mto usiojulikana kina, anayejaribu jiwe kabla ya kulikanyaga. Nilitamani kuinuka. Kila sehemu ya mwili wangu ilitaka kwenda kusimama karibu naye ili ajue. Mdogo wetu aliniambia, "Dada, unaniumiza," ndipo nikaona nimetoa mkono mmoja na kuukaza kwenye kifundo chake.

Katikati alikosea. Ni pale pale, mahali pa jiwe la kusagia. Uta ukasimama. Niliona kidevu chake kinaanza kugeuka kututafuta, na kwenye mikeka yote hakuna aliyepumua. Shangazi alikuwa anavuta pindo lake chini yangu, nami nikalikalia kwa uzito wangu wote.

Kidevu hakikumaliza kugeuka. Kilirudi ukutani. Akaanza mstari ule upya, kwa sauti ndogo, akapapita, akaendelea mpaka mwisho.

Alipomaliza alibaki na uta hewani. Padri alikuwa amesahau kupiga makofi, nasi tulikuwa tumeambiwa tumngoje, tukamngoja. Sijui ilichukua muda gani. Ng'ombe walikuwa wanapita nyuma ya kanisa, na kwato zao zilisikika moja moja. Kisha sista mzee ndiye aliyeanza.

Waamuzi walizungumza mpaka vivuli vikawa virefu. Nilikuwa nimeshainuka na kukaa mara nyingi kiasi kwamba shangazi alinipa mtoto wa mtu mwingine nimshike, nitulie. Hatimaye mwalimu akasimama. Akasema msichana wa Ushirombo amepiga kuliko wote, na masista watamchukua awasaidie kufundisha wenzake. Akasema kijana wa chuo ni huyu wa fidla. Akaongeza, kwa Kiswahili ili wote wasikie, kwamba mara ya kwanza alipiga vizuri zaidi, lakini amechaguliwa kwa mara ya pili.

Basi hapo kukaa mikekani kulishindikana. Hata katekista alitupa fimbo. Shangazi alikuwa wa kwanza, anamweleza kila mtu habari ya dawa yake. Mdogo wangu alipita mikononi mwa watu akicheka kwa adabu, lakini niliona kwamba hakuwa anacheka kama ile mara ya vumbi. Padri alimwambia gari la misheni litampeleka chuoni wiki hiyo hiyo.

Tulirudi nyumbani jua likielekea kuzama. Shangazi aliingia ndani na mdogo wetu. Mimi sikuweza kuingia. Nilichukua gunia, nikaenda shambani, kwa sababu pamba ilikuwa imepasuka na siku nzima ilikuwa imekaa bila mtu. Nilichuma kwa kasi bila kuchagua, safi na chafu pamoja, jambo ambalo siku nyingine ningempigia mtu kelele.

Baada ya muda nikasikia anakuja. Alikuwa bado na shati la baba. Akaingia kwenye mistari yake, ile ya upande wa mbuyu uliokatwa, akaanza kuchuma. Tulikwenda sambamba mpaka karibu na mwisho wa shamba.

"Dada."

"Ee."

"Mwakani hii mistari yangu atachuma nani?"

"Mimi."

"Na ya kwako?"

"Mimi."

Akasimama kidogo, pamba mkononi, akanitazama. Kisha akahama kwenye mistari yake, akaja kwenye mstari wangu, akaanza kuchuma kutoka upande wa pili, na tukaendelea hivyo mpaka giza likaingia, hatukuweza tena kutofautisha pamba nyeupe na ya kijivu.